Tablatura inakuonyesha pa kushika tu. Kuzima nyuzi ni kazi yako

Swali: Nimeanza kujifunza gitaa la akustika miezi michache iliyopita, bila mwalimu. Nasoma tablatura, ile mistari sita yenye namba, lakini nachanganya mstari upi ni uzi upi. Alama ya x ndiyo siielewi kabisa: mara nasikia maana yake usipige uzi huo, mara nasikia piga lakini uwe umezimwa. Na hata nikishika namba zote sawasawa, kinachotoka ni makelele. Nyuzi ambazo sijazigusa nazo zinalia. Je, niiache tablatura nianze na nota za kawaida?

Jibu: Usiiache. Hayo unayoyaona ni matatizo kadhaa yenye mzizi mmoja. Tablatura inakuambia kidole kikae wapi. Haikuambii nota idumu kwa muda gani, na kuhusu nyuzi zinazotakiwa kunyamaza inasema machache mno. Gitaa lina nyuzi sita, na zote ziko tayari kulia wakati wote, ukizitaka usizitake. Mtu anayepiga vizuri anatumia mikono yake kuzuia sauti karibu sawa na anavyoitumia kutoa sauti, ila kazi hiyo ya kuzuia haionekani kwenye karatasi.

Tumalize kwanza la mistari, maana ni jepesi. Mstari wa chini kabisa ni uzi mnene kuliko zote, yaani uzi wa 6. Mstari wa juu kabisa ni uzi mwembamba, uzi wa 1. Kinachokuchanganya ni kwamba ukiwa umelishika gitaa, uzi mnene ndio ulio juu, karibu na uso wako. Sasa lilaze gitaa mapajani, uso wake ukitazama dari, shingo ikielekea kushoto. Uzi mnene umekuwa karibu na tumbo lako na mwembamba uko mbali, sawasawa na karatasi iliyo mezani mbele yako. (Ninaandika kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, kama wewe ni wa mashoto, geuza kila nisemapo kulia na kushoto.) Wala si wewe wa kwanza kusumbuliwa na hili. Tablatura za kinanda cha nyuzi kiitwacho luti zilikuwa zikichapwa Venice tangu mwaka 1507, na Waitaliano wa zama hizo waliuweka uzi mnene juu, kama mpigaji anavyouona. Wafaransa waliuweka mwembamba juu, tena wakaandika herufi badala ya namba. Tunayotumia leo imechukua mpangilio wa Wafaransa na namba za Waitaliano.

Nyuzi zenyewe, kuanzia mnene, ni E, A, D, G, B, E. Namba ni ya freti (nafasi kati ya vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), siyo ya kidole. Narudia hilo kwa sababu watu wengi wakiona 3 wanakimbilia kidole cha tatu. Sifuri ni uzi wazi, upigwe bila kushikwa. Kidole kikae nyuma kidogo tu ya chuma cha freti, kwa upande wa kichwa cha gitaa. Ukikiweka mbali na chuma utabonyeza kwa nguvu za bure na uzi utanguruma. Namba zinazofuatana kwenda kulia hupigwa moja baada ya nyingine. Zilizopangwa wima hupigwa kwa pamoja.

Tazama hii:

e|-------------0--|-----0--|
B|----------1-----|-----1--|
G|-------0--------|-----0--|
D|----2-----------|-----2--|
A|-3--------------|-----3--|
E|----------------|-----x--|

Pande zote mbili ni kodi (nota kadhaa zinazokwenda pamoja) ileile ya C, na vidole havibadiliki hata kidogo. Kushoto unadonoa uzi mmoja mmoja, kulia unazicharaza zote kwa mpigo mmoja. Sasa angalia mstari wa chini. Upande wa kushoto uzi wa 6 una kistari kitupu, upande wa kulia una x. Kistari kitupu kinasema hapa hakuna kitu cha kupigwa. Ukiwa unadonoa, unauacha tu uzi huo na mambo yanaisha. Ukiwa unacharaza, piki yako (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi) huenda ikaupitia, kwa hiyo ni lazima uwe umeuzima kabla piki haijafika.

Maana mbili za x ulizosikia zote ni sahihi, inategemea imeandikwa wapi. Juu ya mchoro wa kodi, ile picha ya miraba yenye vitone vya vidole, x inasema uzi huu usisikike. Uupige umezimwa au usiuguse kabisa, mchoro haujali. Ndani ya tablatura, hasa ukikuta x zimepangwa wima kwenye nyuzi tatu, nne au zote sita, x ni kitu cha kupigwa: piki inapita, mkono wa kushoto umezigusa nyuzi bila kuzibonyeza, na unasikia "chk" kavu isiyo na nota. Hiyo ni ngoma ndani ya gitaa. Ukiiruka, mdundo wa wimbo unapoteza mguu mmoja. Ikiwa x moja imekaa katikati ya namba zilizopangwa wima, maana yake piki itaupitia uzi huo kwa vyovyote, nawe uwe umeuzima.

Sasa makelele. Fanya jaribio dogo. Donoa uzi wa 6 ukiwa wazi, uache ulie kidogo, kisha uzime kwa kidole. Sikiliza: gitaa bado linavuma. Gusa uzi wa 1 na wa 2, mvumo unakatika. Hukuzipiga nyuzi hizo, lakini zimelia. Uzi wa 6 unatikisika takriban mara 82.4 kwa sekunde, na pamoja na mtikisiko huo mkuu kuna mingine ya mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Mara nne ni 329.6, ambayo ndiyo sauti ya uzi wa 1. Mara tatu ni kama 247, na uzi wa 2 unakaa kwenye 246.9. Mtikisiko unapita kwenye mbao za gitaa na kuziamsha nyuzi zinazoupokea. Kwa hiyo usijilaumu kwamba mkono wako una papara. Hata mkono mtulivu utasikia hayo usipozima.

Kuzima kwenyewe kuna vifaa vitatu, na vyote unavyo. Nyuzi nene kuliko ile unayopiga ni kazi ya kiganja cha kulia: ukingo wake, upande wa kidole kidogo, unapumzika juu ya nyuzi hizo karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa. Nyuzi nyembamba kuliko ile unayopiga ni kazi ya tumbo la kidole cha shahada cha kushoto, ambalo linalala juu yake bila kuzibonyeza. Uzi mmoja mnene ulio jirani kabisa unazimwa na ncha ya kidole kilekile kinachoshika nota. Unakisogeza mpaka ncha iuguse uzi huo kidogo tu. Ukisoma tablatura ya nota mojamoja, jiulize kila mara: zilizo nene nani kazishika, na nyembamba nani kazishika? Mwanzoni utajiuliza kwa kuchoka. Baadaye mikono hujibu yenyewe.

Hapa wanafunzi wengi huniuliza swali la haki: mbona tuliambiwa tukunje vidole ili visiguse nyuzi nyingine? Ni kweli mliambiwa, na ni ushauri mzuri kwa nyuzi zinazotakiwa kulia. Kidole kinakunjwa kwa ajili ya uzi ulio chini yake na kuegemea kwa ajili ya uzi unaotakiwa kunyamaza. Katika kodi moja vidole viwili vinaweza kufanya mambo yanayopingana.

Turudi kwenye C tulione hilo kwa karibu. Kidole cha pete kipo freti ya 3 ya uzi wa 5. Cha kati kipo freti ya 2 ya uzi wa 4. Cha shahada kipo freti ya 1 ya uzi wa 2. Uzi wa 3 na wa 1 viko wazi. Kidole cha pete kisukume juu kidogo, upana wa uzi hivi, mpaka nyama ya ncha yake iguse ubavu wa uzi wa 6. Kisiukandamize, kiguse tu. Kidole cha shahada kifanye kinyume: kisimame wima, kwa sababu kikilala kidogo tu kitaua uzi wa 1, ambao tunauhitaji. Sasa donoa nyuzi moja moja kuanzia wa 6. Wa kwanza kudonolewa utoe "tk". Watano waliobaki watoe nota safi. Uzi wa 1 ukitoa "tk", tatizo ni kidole cha shahada. Wa 3 ukitoa "tk", ni kidole cha kati kimelala. Usicharaze kodi yoyote mpya kabla ya kuipitisha kwenye ukaguzi huu, kwa sababu ukicharaza, nota nzuri nne zinaficha mbaya mbili, nawe unabaki na hisia tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Na si kila x ina uzito uleule. Kodi ya C imejengwa kwa nota C, E na G. Uzi wa 6 wazi ni E, kwa hiyo ukiponyoka haileti sauti ya kukosea. Inaleta besi isiyo ya C, na kodi inakuwa kama imekosa msingi. Kodi ya D ni D, F kali (F#) na A. Humo E haimo kabisa. Uzi wa 6 ukilia chini ya D, kila mtu chumbani atajua, hata asiyejua gitaa. Uzi wa 5 ni A, ambayo ni ya familia, hata ukiponyoka hasara ni ndogo. Kwa hiyo katika D, nguvu zako zote zielekee uzi wa 6. Wenye mikono mikubwa hupitisha kidole gumba juu ya shingo kikaugusa. Wenye mikono midogo, au waliozoea kuweka gumba nyuma ya shingo kama wapigaji wa gitaa la klasiki, wasijilazimishe. Wajifunze kuanzia mcharazo kwenye uzi wa 4. Mimi naona hili la pili linafaa kujulikana na kila mtu, lakini ukiwa unacharaza kwa kasi, gumba ni mlinzi wa kuaminika zaidi.

G ina toleo ambalo ni mazoezi mazuri ya x iliyo katikati: uzi wa 6 freti ya 3, wa 5 una x, wa 4, wa 3 na wa 2 wazi, wa 1 freti ya 3. Kidole kinachoshika uzi wa 6 kiegemee chini kidogo kiguse wa 5. Wengi hushtuka kuona kodi inakuwa safi zaidi baada ya kuondoa nota. Kwenye nyuzi nene nota zikikaribiana sana huzaa mvumo mzito, na ukiondoa moja, zilizobaki zinapata nafasi.

Zile x za "chk" zina mtego wake. Ukigusa nyuzi kwa kidole kimoja juu ya chuma cha freti ya 12, ya 7 au ya 5, hutapata "chk" bali mlio mwembamba kama wa filimbi. Freti ya 12 ni nusu ya urefu wa uzi, ya 7 ni theluthi, ya 5 ni robo, na uzi ukiguswa penye mgawanyo kama huo unaendelea kutikisika vipande vipande badala ya kufa. Freti ya 4 na ya 9 nazo hufanya hivyo kwa sauti ndogo, ingawa kwenye gitaa la umeme lenye sauti ya kukwaruza utaisikia vizuri tu. Dawa ni kulaza vidole viwili au zaidi, kwa sababu kidole cha pili kinagusa mahali pengine na kuua mtikisiko uliobaki. Jizoeze hivi: laza vidole vitatu vya kushoto juu ya nyuzi zote, legelege, ukicharaza juu na chini huku ukihesabu moja mpaka nne. Mluzi ukisikika, sogeza mkono nusu freti. Chuma cha freti kikisikika kikigonga, unabonyeza mno.

Kwa kodi unayoshika kwa kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote, kuzima ni rahisi kupita kiasi: legeza vidole bila kuvitoa kwenye nyuzi, na kila kitu kinanyamaza papo hapo. Kodi zenye nyuzi wazi ndizo ngumu. Ukilegeza C, uzi wa 3 na wa 1 vinaendelea kulia kwa sababu hakuna aliyekuwa amevishika. Hapo kidole kidogo, ambacho hakina kazi, kinashuka na kulala juu ya nyuzi zote kwa wakati ule ule unaolegeza. Au kiganja cha kulia kinazifunika nyuzi. Jaribu njia zote mbili, moja itakukalia vizuri zaidi kulingana na wimbo.

Ukiona chini ya mistari herufi P.M. (kifupi cha Kiingereza palm mute, kuzima kwa kiganja) ikifuatiwa na vistari, hilo ni agizo la kiganja cha kulia peke yake, na ni tofauti na x. Nota lazima isikike, ila iwe fupi na nzito, kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo.

E|-0--0--3--0--0--5--3--0-|
..P.M.------------------|

Weka ukingo wa kiganja palepale nyuzi zinapoegemea daraja. Piga. Kama sauti ni ya kawaida, uko nyuma mno. Kama nota imekufa na huwezi kuitambua, uko mbele mno. Mahali sahihi ni pa milimita chache, na pa gitaa lako si lazima pafanane na pa gitaa jingine. Usikandamize, uzito wa mkono wenyewe unatosha. Kosa la kawaida ni kukaza kiwiko, halafu mcharazo wote unakuwa mgumu kama ubao.

Alama nyingine za tablatura zitakuja kwa mazoea. Herufi h kati ya namba mbili: piga ya kwanza, ya pili igonge kwa kidole cha kushoto bila piki. Herufi p ni kinyume chake, unavuta kidole na kuacha namba ndogo isikike. Mkwaju / ni kutelezesha kidole kupanda, b ni kuusukuma uzi pembeni ili sauti ipande, ~ ni kuutetemesha. Ukifika kwenye b utaona umuhimu wa yote niliyosema, kwa sababu kidole kinachosukuma uzi hukutana na uzi wa jirani, na kikiuachia ghafla utalia. Ncha ya kidole cha shahada, iliyotangulia nyuma yake, ndiyo inayouzuia.

Kuhusu muda wa nota, tablatura za maandishi matupu ndizo zenye upungufu mkubwa. Nafasi kati ya namba inadokeza tu. Za zamani za luti zilikuwa na alama za muda juu ya mistari, na tablatura nzuri za leo huambatana na nota za kawaida au zina vijiti vya mdundo chini ya namba. Ukipata isiyo na vyote, usikilize wimbo kwanza mpaka uweze kuuimba kwa mdomo, halafu andika hesabu ya moja, mbili, tatu, nne juu ya namba kwa kalamu ya risasi. Namba inayoangukia katikati ya hesabu, iandikie "na". Hapo ndipo upige, kwa metronomi (kifaa cha kuhesabu mapigo) ya mapigo 60 kwa dakika au hata pungufu. Na hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho: huhitaji kusoma nota za kawaida zote sasa hivi, ila sehemu yake ya muda, yaani nota nzima, nusu, robo, nane na alama zake za kimya, jifunze mapema. Alama ya kimya hasa. Ukiiona juu ya tablatura, si ya kupumzika. Mkono mmoja au yote miwili ina uzi wa kuzima kwa wakati kamili.

Usije ukazima kila kitu. Ile C ya kudonoa niliyoandika juu inapendeza pale kila nota inapobaki hewani mpaka kodi ibadilike, na wanaoanza wakishaonja utamu wa kuzima huinyonga. Kama namba zinazofuatana ni za kodi moja na ziko kwenye nyuzi tofauti, acha zilie. Kama ni za melodi, au kodi imebadilika, kata.

Jirekodi kwa simu vipande vifupi, usikilize bila kushika gitaa. Ukisikia mvumo mzito unaobaki chini, ni uzi wa 6 au wa 5, kiganja cha kulia hakijafika. Ukisikia mlio mwembamba unaoning'inia juu baada ya nota kuisha, ni uzi wa 1 au wa 2, na kidole cha shahada cha kushoto hakijalala.